Aliyerudi Kufunika

Kabla ya filamu ile, hakuna mtu Kakamega nzima aliyewahi kumwogopa Cleophas Osundwa. Alikuwa fundi wa nguo, akishona sare za shule kwenye baraza moja karibu na soko. Mtu mfupi, mabega yameteremka, sauti ya kubembeleza, na tepu ya kupimia ikining'inia shingoni kutwa nzima. Mtoto akikataa kupimwa, Cleophas alikuwa akimpa ile tepu ampime yeye kwanza. Jumamosi aliigiza vichekesho vifupi vya kusambazwa kwenye simu, na kila mara alikuwa baba mkwe mlevi anayesahau ni binti yupi anayeolewa. Watu wakimwona barabarani walianza kucheka kabla hajafungua mdomo.

Aliyemwingiza kwenye filamu za uhalifu ni Beverly, msichana aliyekuja mjini kusoma, akamaliza masomo na kubaki, akapanga chumba mtaa wa Shirere na kuanza kutengeneza filamu kwa kamera ya kukodi. Filamu yake ya kwanza ilihusu mwenye nyumba anayewaua wapangaji wake. Muuaji alikuwa Mukhwana, bawabu wa kilabu, mtu wa kujaza mlango, mwenye kovu kutoka sikioni hadi kidevuni. Wanaomjua wanajua kwamba huimba sauti ya tenori kanisani na hawezi kuangalia kuku akichinjwa, lakini uso ni uso.

Mimi nilikuwa ukumbini siku ilipoonyeshwa. Mukhwana alipotokea tu mlangoni, akikunja ngumi na kupumua kama ng'ombe, nyuma yangu mtu akasema, "Huyo ndiye, fungeni milango," na ukumbi mzima ukacheka. Alipomkaba mpangaji wa kwanza, tulicheka. Alipotoka mbio gizani, vijana walimpigia mbinja. Beverly alikuwa amesimama kando ya ukuta, mikono kifuani, akitutazama sisi badala ya kutazama picha.

Miezi michache baadaye alifanya jambo ambalo wengi waliliona kama wazimu. Aliipiga filamu ileile upya. Chumba kilekile cha Shirere, maneno karibu yaleyale. Alichobadilisha ni watu. Safari hii Mukhwana ndiye angekuwa mpangaji anayeuawa, na muuaji angekuwa fundi Cleophas.

"Mimi nimuue Mukhwana?" Cleophas aliuliza, sindano mdomoni. "Huyo hata nikimsukuma hasongi."

"Hutamsukuma, mzee. Utamletea chai."

"Halafu nikunje uso?"

"Hapana. Usiigize ubaya hata kidogo. Fanya vile unafanyanga hapa. Mtu akiingia, mwulize kama amekula."

Walipiga picha mchana, pazia likiwa limefungwa. Kwenye tukio lenyewe, mpangaji anakunywa chai, analala usingizi mzito, mwenye nyumba anaingia na mto, anamziba nao pumzi, kisha anatoka. Basi. Cleophas alifanya hivyo vyote kama alivyoelekezwa, kwa upole, kama mtu anayezima jiko. Akafika mlangoni. Hapo alipaswa kutoka.

Hakutoka. Alisimama kidogo, akarudi. Akaunyoosha mguu wa Mukhwana uliokuwa umening'inia. Akavuta blanketi hadi kifuani, akalipenyeza chini ya mabega yale mapana, upande huu na upande ule. Viatu vilikuwa vimetupwa katikati ya chumba. Akaviokota, akavipanga sambamba chini ya kitanda. Kisha akainama na kusikiliza, kichwa upande, kama mzazi anayetaka kujua kama mtoto ameshikwa na usingizi. Ndipo akatoka, akavuta mlango taratibu usipige kelele.

Hakuna aliyemwambia afanye hayo. Beverly alisahau kusema wakate. Mukhwana aliendelea kulala pale, macho wazi sasa, akitazama dari. Alipoinuka alitoka nje moja kwa moja, akasimama kwenye manyunyu ya mvua bila kujali shati.

"Mzee, hiyo ya blanketi umeitoa wapi?" Beverly aliuliza.

"Sijui. Mikono ilienda yenyewe." Cleophas aliitazama mikono yake. "Watoto wangu walipokuwa wadogo, ndivyo nilivyokuwa nikiwalaza."

"Mimi nilisikia baridi," Mukhwana alisema kutoka nje. "Ulipoweka mto sikusikia kitu. Uliponifunika, ndipo nilisikia baridi."

Filamu ya pili ilionyeshwa ukumbi uleule, siku ya mvua. Mabati yalikuwa yakinguruma, na kila mtu alikuwa amejiandaa kucheka, maana baba mkwe mlevi alikuwa kwenye skrini. Tulicheka kidogo mwanzoni, alipomwuliza Mukhwana kama amekula. Kisha kicheko kikaisha, na sidhani yeyote kati yetu aliona kilipoishia. Aliporudi kutoka mlangoni na kuanza kumfunika yule maiti, mwanamke aliyekaa mbele yangu alijifunga leso vizuri mabegani. Mvua ilikuwa imepungua. Tulisikia blanketi likisugua godoro.

Taa zilipowashwa, Cleophas alikuwa amekaa safu ya pili na mkewe, Sellah, akigeuka geuka huku akitabasamu, akingoja watu waseme kitu. Watu walikuwa wakitafuta miavuli yao.

Zile filamu mbili zililinganishwa kwa muda mrefu, kwa kinyozi, kwenye vibanda vya chai, hata nje ya kanisa. Wapo waliosema ya Mukhwana ilikuwa na mapigano mazuri. Mwenye kibanda cha chapati alilisema jambo lenyewe kwa namna ambayo sikuisahau: ya kwanza inakuonyesha mtu wa kumfungia mlango, ya pili inakwambia umeshamfungulia. Na baada ya mazungumzo hayo watu waliondoka, wakapita mbele ya baraza la Cleophas, wakamsalimia wakiwa upande wa pili wa barabara.

Yeye alidhani ni utani, na kwamba utapita. Lakini wazazi walianza kuleta vipimo vya watoto vikiwa vimeandikwa tayari nyumbani. Waliokuja wenyewe walipimwa kifua na mkono, na tepu ilipopanda kuelekea shingoni walirudi nyuma nusu hatua, bila wao kujua, kisha wakacheka kwa aibu. Mtoto mmoja aliyekuwa amemzoea tangu chekechea alijificha nyuma ya sketi ya mamake na hakutoka. Kanisani, benchi lake lilibaki na nafasi.

Lililomuumiza zaidi lilitokea nyumbani. Asubuhi moja alimpelekea Sellah chai, kama alivyofanya tangu waoane. Sellah alisema asante. Cleophas aliporudi kuchukua koti lake, alimkuta mkewe amesimama kwenye mlango wa nyuma, akiimwaga ile chai polepole kwenye mizizi ya ndizi.

Walitazamana.

"Baba Tevin," Sellah alisema, "najua ni upuzi. Najua. Lakini nikiona ukikuja na kikombe, naona ule uso."

"Uso ni uleule wa siku zote, Sellah."

"Hiyo ndiyo shida."

Wakati huo ndipo Mama Roda Khalayi alipofika kwenye baraza.

Shirere hakuna asiyemjua Mama Roda. Kwa miaka mingi alipikia watoto wa shule ya chekechea, na alipostaafu aliendelea kulisha watu bila kuajiriwa. Penye msiba alifika na mkungu wa ndizi kabla ya jamaa wa marehemu. Wanafunzi waliopanga vyumba kwenye boma lake walimwita kukhu, yaani nyanya, na aliyeugua alipelekewa uji hadi kitandani. Aliishi na binti yake wa pekee, Emily, karani wa ofisi, mwanamke wa miaka arobaini na kitu ambaye hakuwahi kuolewa. Ilisemwa kuna kijana wa Matete aliyemwahidi ndoa zamani, akatoweka bila kuaga, na tangu hapo Emily hakutaka kusikia habari za wanaume.

Mama Roda alitaka kushonewa gauni la kanisani. Cleophas akampima mabega, akampima mkono, akasita.

"Pima," alisema yule mama, akainua kidevu. "Mimi sikuogopi."

Cleophas nusura alie. Tepu ilipozunguka ile shingo nyembamba yenye mikunjo, yule mama alifumba macho kama mtu anayeota jua. Alipokwenda zake alimwachia bakuli la ingokho na obusuma, kuku na ugali, lililofunikwa kwa kitambaa, na Cleophas alikula akiwa peke yake nyuma ya cherehani, akijiambia kwamba angalau amebaki mtu mmoja mwenye akili mjini.

Mama Roda alirudi siku ya kujaribu gauni. Mvua ilikuwa imewafukuza wapita njia, baraza zima lilikuwa lao. Alivaa, akajitazama kwenye kioo, akasema mikono iko sawa. Kisha akaketi kwenye benchi la wateja, akaweka mkoba mapajani.

"Niliona zile filamu zote mbili," alisema. "Emily alinionyesha kwa simu. Ile ya yule mkubwa ni uongo."

"Mukhwana alijaribu, mama."

"Alikimbia. Kwa filamu wote wanakimbianga. Mtu hakimbiangi." Aliongea kama anayeeleza jinsi ya kupika. "Mtu anafika mlangoni, anakumbuka usiku ni wa baridi. Anarudi. Anamfunika. Wewe ulifanya vizuri sana. Nikajiuliza, huyu fundi aliambiwa na nani?"

"Hakuna aliyeniambia. Ni kuigiza tu."

Mama Roda alimtazama kwa subira, vile alivyozoea kuwatazama watoto wa chekechea wenye sukari midomoni.

"Sawa. Kama hutaki kusema, usiseme. Hata mimi sijawahi kusema." Alilainisha kitambaa cha gauni gotini. "Wako alikuwa nani?"

"Mama?"

"Wangu alikuwa Lusweti. Kijana mzuri, wa Matete. Alipanga chumba cha nyuma. Alitaka kuoa Emily, aende naye huko kwao. Nikamwuliza, na mimi nibaki na nani? Akacheka, akasema, mama, wewe utakuja kutembea." Aliuweka sawa mkoba mapajani. "Alipenda chai yangu. Viatu vyake niliviweka kando ya mlango. Wewe uliviweka chini ya kitanda. Hiyo tu ndiyo tofauti."

Cleophas alikuwa ameshika mkasi, akauweka chini ili usitoe sauti.

"Yuko nyuma ya jiko la zamani," Mama Roda aliendelea. "Na blanketi yake, ile nzuri. Hapo hata maji ya vyombo simwagangi. Atalowa." Akainuka, akavua gauni nyuma ya pazia, akalikunja mwenyewe. Alipofika kwenye ngazi aligeuka, uso umechangamka. "Nimefurahi kuongea na mtu anayejua."

Cleophas alibaki amekaa hadi mvua ikakatika. Alijaribu kujiambia kwamba yule mama amezeeka na anachanganya filamu na maisha. Halafu akakumbuka kijana wa Matete. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo alilisema kwa shida hata alipokuwa akinisimulia: huyu ndiye mtu pekee aliyempa shingo. Kumsema ilikuwa kama kumsaliti.

Alimweleza Sellah jioni ileile, taa zikiwa zimewashwa na mlango umefunguliwa, kwa sababu siku hizo Sellah alipenda mlango ukiwa wazi.

"Unaniambia hadithi ya Beverly," Sellah alisema. "Hiyo ni filamu nyingine."

"Kama ingekuwa filamu ningejua maneno yangu. Sikuwa na la kusema. Nilikaa tu."

Sellah alimtazama. Mikono ya mumewe ilikuwa inatetemeka, na alikuwa akijaribu kuificha chini ya meza. Kwenye filamu haikutetemeka hata mara moja. Sellah alinyoosha mkono, akaishika.

"Kesho tutaenda kusema," alisema. "Mimi na wewe, pamoja."

Afisa wa upelelezi aliyewasikiliza aliitwa Kipkemboi. Aliwaambia tangu mwanzo kwamba ameiona ile filamu, na Cleophas akadhani mambo yameishia hapo. Lakini Kipkemboi hakucheka. Aliomba arudiwe maneno ya yule mama, hasa hayo ya viatu. Kisha akasema kwamba kuna mwanamke wa Matete ambaye kwa miaka mingi amekuwa akifika kuuliza habari za mdogo wake, na kwamba kila afisa anayehamia hapo humkuta na kumwacha.

Polisi walichimba mchana. Majirani walisimama kwenye ua, wengine wakinung'unika kwamba ni aibu kumsumbua kukhu wa watu kwa maneno ya mlevi wa kwenye simu. Mama Roda hakukana wala hakulia. Aliwachemshia maafisa chai, akaileta kwenye sinia na vikombe vya maua. Hakuna aliyegusa. Jembe lilipokaribia ukuta wa lile jiko, alisogea mbele akasema kwa sauti ya chini, "Polepole hapo."

Blanketi lilikuwa limebaki nyuzi tu, lakini rangi ya pindo bado ilionekana, nyekundu. Lilikuwa limepenyezwa chini, upande huu na upande ule.

Cleophas hakuwepo. Aliambiwa na Mukhwana, ambaye alikwenda kutazama, kisha akaja moja kwa moja barazani na kukaa kwenye benchi hadi jua likashuka. Ni Mukhwana pia aliyemweleza kuhusu Emily. Alifika kutoka kazini akiwa na mkoba wa ofisi, akawapita watu, akasimama kwenye ukingo wa shimo. Mamake akamwambia, "Ingia ndani, mvua inakuja." Emily aliuliza swali moja tu.

"Ni yeye?"

"Hakwenda mahali," Mama Roda alisema. "Alikuwa hapa na sisi."

Kesi haijaisha. Mama Roda yuko rumande, na wanaokwenda kumwona wanasema huwauliza hali za watoto wao kwa majina, na kwamba wafungwa wengine humpa nafasi ya karibu na dirisha. Watu wa Shirere hawajui wafanye nini na habari hizo. Wengi wao walikunywa chai yake. Kuna mama aliyeniambia kwamba usiku, mtoto wake akiugua, bado hujikuta akifikiria kumwita kukhu kabla ya kukumbuka.

Kwa Cleophas, wateja walirudi, lakini si wote. Wapo waliomshukuru, na wapo waliosema chini kwa chini kwamba muuaji hawezi kumweleza siri yake mtu hivi hivi, lazima alinusa kitu kwa huyo fundi. Beverly naye alikuja, akazunguka zunguka, akagusa vitambaa, mwishowe akauliza kama angefikiria filamu ya tatu. Hakuwa msichana mbaya. Alikuwa amekonda, na hakuweza tena kulala kwenye chumba chake cha Shirere.

"Hapana, Beverly," Cleophas alimwambia, na akamvutia kiti akae.

Familia ya Lusweti ilipopewa mifupa yake iizike, Cleophas na Sellah walikwenda Matete, nami nikafuatana nao. Hatukualikwa. Kaburi lilikuwa kwenye kona ya shamba la mahindi, udongo mwekundu umelowa, jeneza dogo kuliko la mtu mzima. Dada mkubwa wa marehemu, mwanamke mrefu mwenye mvi, yule aliyekuwa akifika kuuliza mwaka baada ya mwaka, alimsalimia Cleophas kwa mikono miwili.

"Wewe ulimjua?" aliuliza.

"Hapana, mama."

"Lakini umekuja."

Wimbo wa pili ulikuwa umeanza watu walipogeuka. Emily alikuwa amesimama nje ya ua, kwenye barabara ya matope, kwa nguo nyeusi, akiwa ameshika mwavuli ambao hakuufungua. Hakuingia. Wanaume wawili wa ukoo waliacha kuimba na kuanza kumwendea, na mmoja alikuwa amekunja uso vibaya. Dada wa marehemu akawapungia mkono wakae, akaenda mwenyewe.

Tulio karibu tulisikia.

"Wewe ndiye Emily?"

"Ndiyo."

"Alituambia atakuleta Disemba. Mama yetu alikuwa ametenga jogoo."

Emily akasema, na ilikuwa vigumu kumsikia, "Miaka hii yote nilikuwa namtukana. Kila siku. Nikienda kazini, nikirudi. Nilikuwa napita pale juu yake nikimtukana."

Mvua ilikuwa imeanza kudondoka kwenye majani ya mahindi. Yule dada aliuchukua ule mwavuli mkononi mwa Emily, akaufungua, akauinua juu yao wote wawili.

"Ingia basi," alisema. "Hawajaanza kufukia."

Walipita katikati ya watu, na watu wakawapisha. Viti vilikuwa vimejaa. Cleophas akasimama, akawapa chake.